Hesabu Vidole Kabla ya Kuachilia Gari

Juzi nilipita kwenye mabanda ya mafundi nyuma ya soko, nikamkuta kijana akibandika karatasi nyeusi kwenye kioo cha mbele cha gari ndogo. Si ule utepe mwembamba wa juu wa kuzuia jua. Kioo chote, kutoka paa mpaka kwa wipa. Nikasimama nikamuuliza, "Kijana, mwenye hii gari ataona barabara na nini, na pua?"

Akacheka. "Mzee, hiyo ndiyo watu wanataka siku hizi."

Mzee! Mimi hata sijafika umri wa kupewa kiti cha mbele kwenye harambee, na tayari nimekuwa mzee. Sawa. Kama ni mzee, basi weka chini hiyo raba ya kukamua maji, wewe na wenzako, mnisikilize.

Naitwa Barnaba. Nilianza kubandika tinti hapa Eldoret wakati watu wengine walidhani ni rangi ya kupaka na brashi. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo msingoje maneno makubwa kutoka kwangu. Sheria ya tinti sikuisoma kwa kitabu. Niliisoma kwenye vioo vya watu, kwenye vizuizi vya barabarani, na mwisho nikaimalizia kwenye sakafu ya seli. Huko kwa seli ndiko iliniingia vizuri. Leo niko nje, niko mzima, nina ng'ombe zangu kijijini kwetu Ziwa, na gari ikisimama mlangoni sishtuki tena. Lakini walionifikisha kule nitawataja. Wao hawakuona haya kunitaja mimi.

Aliyenipa kazi ni Mzee Hassan. Alikuwa na duka la vitu vya gari: mikeka, vifuniko vya usukani, redio, na karatasi za tinti zimesimamishwa kwenye kona kama mianzi. Watu wake walitoka kaskazini, lakini yeye alizaliwa hapa hapa mjini, na baridi ya hapa alikuwa akiitukana kila asubuhi kana kwamba amefika jana. Kazi ya tinti aliijua mpaka ndani, shida ilikuwa tumbo. Kubandika kioo cha nyuma cha gari ndogo lazima uingie ndani, ulale chali kwenye kiti, kichwa kikipinda huku na mikono ikifanya kazi kule. Siku moja akaniona nikiosha gari kando ya duka lake, mwembamba kama fito.

"Warya, wewe," akaniita kwa lugha ya kwao, kama kusema kijana. "Tumbo yangu imekataa kuingia kwa hii gari. Ingia wewe."

Nikaingia. Sikutoka mpaka mgongo wangu ulipokataa nao, miaka mingi baadaye.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa gari ya mwalimu mmoja wa Moiben. Nikaibandika vizuri sana, bila povu hata moja, karatasi imenyooka kama shuka ya hoteli. Mwalimu akaenda na furaha. Akarudi mvua ilipopiga mara ya kwanza, karatasi zikipepea kila mlango kama bendera. Nilikuwa nimeweka upande wa nje wa kioo badala ya ndani. Mzee Hassan akazunguka ile gari polepole, mikono nyuma, halafu akasema, "Barnaba, umeivalisha fulana juu ya koti." Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akasahau kukasirika, na tangu siku hiyo kila akinipata mjini ananiuliza kama nimevaa fulana.

Nyinyi mna mashine ya kupuliza moto. Sisi tulianza na ile ya kukaushia nywele. Mke wangu Selina alikuwa na saluni ndogo Kapsoya, na mara nyingi mteja wake alikaa pale na kichwa kimelowa akingoja mashine irudi kutoka kwa gari ya mtu. Sabuni tulitumia ile ya kuogesha watoto, kwa sababu ya kufulia ilikula gundi. Siku hizi naona karatasi inakuja imekatwa tayari na kompyuta, na kuna wenye kamashine kadogo kanakopima mwanga unaopita kwenye kioo. Kama unaweza kununua hako kamashine, nunua kabla hujanunua simu nyingine. Sisi tulikuwa na vidole.

Hebu niwaeleze vidole, kwa sababu ndivyo vilivyoniokoa.

Mzee Hassan alikuwa na desturi ambayo wateja waliichukia. Gari ikimalizwa asubuhi, jua likiwaka, hakuitoa. Alingoja wingu. Nyinyi mnaijua Eldoret: asubuhi mbingu imeoshwa, saa za baada ya chakula mawingu yanakusanyika upande wa milimani, na kabla hujamaliza chai kumekuwa giza kama ndani ya jiko. Basi yeye alingoja hiyo saa. Mteja analalamika, anaangalia saa, anapiga simu. Mzee Hassan anamwagia chai. Wingu likifika, anamwambia mteja aketi kwa usukani, afunge mlango, ainue vidole. Yeye anasimama nje, hatua chache kutoka mlango wa dereva, anaviangalia. Akivihesabu, gari inaenda. Asipovihesabu, karatasi inatoka, hata kama mteja analia.

"Jua ni rafiki ya kila kioo," aliniambia. "Kwa jua hata kioo nyeusi inakudanganya. Ngoja wingu. Kama mimi kwa wingu siwezi kuhesabu vidole ya dereva, polisi hawezi kumwona, na yeye mwenyewe hawezi kuhesabu ng'ombe barabarani."

Nilidhani ni ushamba wa duka moja. Kumbe ndiyo sheria yenyewe, imevaa nguo ya kazi.

Na sheria, kwa vile nilivyoielewa mimi, nitawapa bila kuipaka mafuta. Gari ya kubeba abiria haina mazungumzo: haiwekwi tinti. Mtu atakuja akwambie, "Fundi, hii ni matatu lakini inabeba kwaya ya kanisa." Kwaya inalipa nauli? Inalipa. Basi ni ya abiria, na Bwana asifiwe, ipeleke nyumbani vile ilivyo. Gari ya mtu binafsi, kioo kikubwa cha mbele usikiguse, isipokuwa ule utepe wa juu. Milango miwili ya mbele, hapo ndipo watu huumia: dereva aone nje bila shida, na wa nje aone kuna nani kwa usukani. Nyuma kuna nafasi kidogo, lakini angalia kwanza. Gari nyingi zinazokuja na meli zina vioo vya nyuma vilivyotiwa weusi kiwandani, weusi ulio ndani ya kioo chenyewe. Fundi asiyejua anaongeza karatasi juu, weusi juu ya weusi, halafu mama anarudisha gari kinyumenyume anakanyaga baiskeli ya mtoto wake.

Mimi si wakili. Sheria inaweza kuongezwa au kupunguzwa wewe ukiwa umelala. Usipokuwa na uhakika, nenda kwa wakaguzi wa magari uulize kabla wembe haujagusa karatasi. Kuuliza hakujamfunga mtu.

Ila usiulize simu. Kijana mmoja aliniletea gari, ananionyesha kioo cha simu kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Fundi, hapa wanasema tinti ya asilimia thelathini na tano inaruhusiwa."

"Hapa ni wapi?"

"Hapa. Si unaona imeandikwa?"

"Hiyo gari inaishi wapi?"

Akashusha na kidole, akashusha, akafika chini kabisa. "California," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia akipata kizuizi cha polisi wa California pale Moi's Bridge, awasalimie.

Mwingine atakwambia, "Lakini mheshimiwa fulani gari yake ni nyeusi tititi, mbona yeye hashikwi?" Mwambie akiwa mheshimiwa arudi. Mheshimiwa ana mtu wa kumjibia. Wewe fundi una nani? Una Selina, na Selina ana saluni.

Na hili la baridi msilisahau. Karatasi mpya inakaa na maji chini yake, ina ukungu, na Julai yetu hii haikauki upesi. Mteja nilikuwa namwambia, usishushe kioo kwa siku kadhaa, hata nzi akiingia. Kuna padri alinisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akaondoka. Kwa kizuizi cha kwanza afande akagonga kioo. Padri ni mtu wa adabu, akashusha. Karatasi ikabaki juu inashika raba ya mlango, kioo kikashuka, halafu alipopandisha ikajikunja ndani ya mlango kama chapati. Akarudi kwangu na mlango unalia krr, krr. Tangu hapo nilifundisha kila mteja: ukisimamishwa, zima gari, fungua mlango, shuka, salimia afande kwa miguu yako. Wengi walipita kwa heshima hiyo tu.

Sasa niwaambie ya Zakayo.

Zakayo alikuwa broka wa mahindi. Ananunua kwa wakulima wa Ziwa wakati wa mavuno, wakati bei iko chini na watu wana karo ya shule mbele yao, halafu anakuja kuuza wakati wa njaa. Mimi simchukii kwa hilo, wengi hufanya. Alinunua gari nyeupe ya familia, mpya kutoka bandarini, akaileta kwangu. Wakati huo Mzee Hassan ameshalala kaburini, Mungu amrehemu, na banda lilikuwa langu.

"Barnaba, nataka nyeusi kama chungu. Pande zote. Mtu asijue kama ni mimi au ni kiti."

"Nyuma ni nyeusi tayari kutoka kiwandani," nikamwambia. "Mbele nitakuwekea nyepesi, ya kukata jua. Hiyo haina shida."

"Nyepesi ni ya wanawake."

"Basi wanawake wana akili."

Akanung'unika, lakini akaketi kwenye tairi akanywa soda. Nikaweka nyepesi milango miwili ya mbele. Nikangoja wingu. Likaja. Nikamwambia aingie ainue vidole. Akainua kimoja, na hakikuwa cha kuhesabia. Nikamwambia kwa kupiga kelele, "Kimoja! Nimekiona! Na Mungu amekiona!" Mafundi wa banda la pili wakapasuka kicheko. Nikamfungulia mlango nikamwambia, "Hii haina shida, Zakayo. Usiongeze kitu."

Kumbukeni hayo maneno. "Hii haina shida."

Kumbe alitoka kwangu akaenda moja kwa moja kwa Kimbo. Kimbo ni jina la barabarani, la yale mafuta ya kupikia, alipewa kwa sababu kila kitu chake kinateleza. Alikuwa na banda upande wa pili wa mto, na bado analo, kwa hivyo anayetaka kumwambia kwamba nimemtaja, amwambie. Kimbo hakuuliza, hakutoa, hakuosha. Alibandika nyeusi juu ya nyepesi yangu, mlango wa kulia na wa kushoto, akapokea yake, akasema "poa boss." Halafu kwa kizuizi cha kutoka mjini kulikuwa na afande tuliyemwita Pita-Pita, kwa ajili ya vile mkono wake ulivyokuwa ukipunga. Gari nyeupe ya Zakayo yenye madirisha kama makaburi ilipita mbele ya huyo mtu asubuhi na jioni, na mkono ukapunga. Wa nne katika walionifikisha seli simjui kwa jina, lakini ni mkubwa aliyekuwa akiletewa hesabu ya hongo na Pita-Pita.

Mvua ya alasiri ndiyo iliwakuta. Zakayo alikuwa anatoka kwenye uwanja wa maduka pale Ziwa, anataka kuingia barabara. Kutoka kulia kwake, kandokando, alikuwa anakuja Mama Jeruto na mtungi wa maziwa. Mama Jeruto ni jirani yetu, boma lake na langu yametenganishwa na ua wa miti ya kei, ile yenye miiba. Watoto wangu wamekua na maziwa yake kabla sijapata ng'ombe. Zakayo aliangalia kulia, akaona kioo. Akaingia barabara. Ile gari ilimgonga mama ya watu kwenye nyonga, mtungi ukaenda mtaroni, na maziwa yakatiririka na maji ya mvua mpaka mbele ya duka la unga.

Hakufa. Nasema mapema mpumue. Lakini mguu ulivunjika mara mbili.

Zakayo alipoulizwa kwa nini hakumwona, alisema neno moja la ukweli: sikumwona. Halafu la pili: "Tinti niliwekewa na fundi Barnaba. Nilimuuliza, akaniambia haina shida. Kama kuna makosa ni yake." Na Kimbo alipoulizwa mtaani akasema hiyo kazi yeye haijui, hiyo ni mkono wa Barnaba, kila mtu anajua gari ya Zakayo ilikuwa kwa Barnaba.

Polisi walinikuta ndani ya gari ya mtu, nimelala chali, raba mkononi. Afande akanivuta mguu. "Barnaba ni wewe?" Nikasema ndiyo. "Toka ukasaidie uchunguzi." Nikatoka na mikono ya sabuni. Hata hawakuniacha nioshe.

Ya seli sitawaambia mengi. Sakafu ni baridi, na ukiwa na mgongo wa fundi wa tinti hujui uulaze wapi. Selina aliniletea chai kwa chupa, akaambiwa aionje kwanza yeye. Akaionja, akamwambia yule askari, "Umeona? Sijakufa. Sasa mpe." Waliniambia ninaweza kuunganishwa kwenye kesi, kwamba anayeziba macho ya dereva na dereva wote ni kitu kimoja. Nilijiona nikipotea jela na watoto hawajamaliza shule. Nikatolewa kwa dhamana, nikaambiwa ningoje gari ikaguliwe.

Kungoja ndiko kulikonichosha kuliko seli. Mjini wateja walikatika. Nani ataleta gari kwa fundi wa kesi? Nyumbani Ziwa, nikiketi kanisani benchi inakuwa ndefu, watu wanasogea. Na jambo lililonimaliza ni dogo: asubuhi moja binti ya Mama Jeruto hakuleta maziwa. Wala kesho yake. Hakuna aliyetutukana. Maziwa tu yalikoma. Kwetu, jirani akikata maziwa, hajakunyima chakula. Amekwambia wewe si mtu wa kunywa naye.

Nilitaka kwenda hospitali kumwona. Selina akanikataza. "Utamwambia nini? Utamwambia nyepesi na nyeusi, na yeye amefungwa mguu juu?" Nikakaa.

Siku ya ukaguzi tuliitwa wote kwenye uwanja wanapolaza magari ya ajali. Zakayo alikuja na koti na wakili. Mimi nilikuja na Selina. Mama Jeruto aliletwa ili aeleze alikosimama. Alikuwa kwa magongo, binti yake kando, na hakuniangalia. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na ovaroli ya bluu, mikono imezoea grisi. Alituamkua wote mara moja, akamwomba Mama Jeruto aeleze.

Mama Jeruto akasimama upande wa mlango wa dereva, kama siku ile. "Mimi niliona hiyo gari imesimama, imeelekea barabara," akasema. "Nikasimama. Nikaangalia dereva, nijue kama ameniona. Si ndiyo mtu hufanya? Unaangalia macho ya dereva. Mimi sikuona macho. Nilijiona mimi mwenyewe kwa kioo, na leso yangu. Nikafikiri gari haina mtu. Nikapita."

Mimi nimefanya ile kazi karibu maisha yangu yote, na sijawahi kusikia sheria ya tinti ikielezwa namna hiyo. Nilidhani ni ya dereva aone. Nilidhani ni ya polisi waone. Kumbe ni ya mama mwenye mtungi, aone kama ameonekana.

Wakili akakohoa. "Madam, mteja wangu alikuwa anamtegemea fundi. Fundi ndiye alimhakikishia."

"Fundi mmoja?" mkaguzi akauliza.

"Mmoja," Zakayo akasema. "Huyu hapa."

Mkaguzi akasogea kwenye mlango. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa juu wa kioo, polepole, kama mtu anayetafuta mwanzo wa mkanda wa gundi. Akasimama. Akapitisha tena.

"Zakayo, hii ni karatasi mbili."

Wakili akamwangalia Zakayo. Zakayo akaangalia viatu vyake.

"Mbili?" wakili akauliza.

"Ya chini imekatwa na mtu anayejua kazi, imeacha nafasi juu. Hii ya juu imefunika mpaka kwenye raba ya mlango. Fundi mmoja hawezi kubandika hivi siku moja, angekuwa anajiharibia. Nakuuliza tena. Ni fundi mmoja?"

Zakayo akafungua mdomo. Wakili wake akamgusa mkono, lakini yule ni broka, hakuna kitu kinachomshinda kama kunyamaza.

"Niliongeza kidogo tu, madam."

"Uliongeza wapi?"

"Kwa Kimbo."

Selina alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Sikutoa.

Mkaguzi akaomba wembe na maji ya moto. Karatasi haishiki karatasi kama inavyoshika kioo. Akainua pembe ya ile ya Kimbo, akavuta, ikatoka nzima kwa sauti kama ya kupasua kitambaa. Chini yake ikabaki yangu, nyepesi, safi, haina hata povu. Wakati huo mawingu yalikuwa yamefika. Naapa kwa ng'ombe zangu, sikuyaita. Yalikuja tu kama yanavyokuja hapa kila siku, kutoka milimani, na uwanja ukawa na giza kama la jikoni.

Mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini mdomo ukasema wenyewe. "Madam, naomba uketi ndani uinue vidole. Hiyo ndiyo namna yetu."

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani atanifukuza. Akafungua mlango, akaketi kwa usukani, akafunga. Akainua mkono.

Wakili akasogea mbele ahesabu, mkaguzi, akiwa ndani ya gari, akamzuia kwa kutikisa kichwa. Akaelekeza kidole cha mkono wa pili kwa Mama Jeruto.

Mama Jeruto akasogeza magongo, akasimama pale pale alipokuwa amesimama. Akakaza macho. Mvua ikaanza kudondoka moja moja juu ya bati za yale magari yaliyokufa.

"Tatu," akasema.

Mkaguzi akabadilisha.

"Tano. Sasa moja." Halafu sauti ikabadilika. "Na ana miwani. Namwona. Ananiangalia."

Hapo ndipo aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu ajali.

"Barnaba," akasema.

"Naam, Mama."

"Kesho tuma mtoto na chombo. Jeruto amekamua mengi na hakuna wa kunywa."

Jina langu liliondolewa kwenye ile kesi. Zakayo aliibeba peke yake, na mguu wa Mama Jeruto aliugharamia ingawa alipiga kelele kila hatua kama anayeng'olewa meno. Pita-Pita alihamishwa, na nasikia huko alikopelekwa mkono wake bado haujapona. Kimbo mnamjua. Mimi nilifanya kazi miaka mingine michache, wateja wakarudi, mpaka mgongo ukasema basi. Nikamwachia banda binti yangu, na nyinyi mkilicheka banda la msichana, subirini tu mvua ya kwanza.

Ndiyo maana nilisimama kwa yule kijana nyuma ya soko. Nilimwambia tungoje pamoja. Alidhani nangoja matatu. Wingu lilipofika nikamwomba mwenye gari aketi ndani ainue vidole, sisi wawili tukasimama nje tukakaza macho. Hakuna tulichoona isipokuwa sisi wenyewe, tumesimama pale kama wajinga wawili.

Kijana akaniangalia. Halafu akachukua wembe, akaanza kutoa karatasi kutoka pembeni.

Nikaenda zangu. Nyumbani kulikuwa na maziwa kutoka kwa Mama Jeruto.